Sima Isiyokunywa Maji

Egidius hakuwahi kuvuka mpaka kwa miguu yake. Mara ya kwanza, mwaka sabini na mbili, alivuka kutoka Burundi kwenda Tanzania akiwa mgongoni kwa mama yake, kafungwa kwa kitenge, hajui hili wala lile. Mara ya pili, amani iliporudi na wakimbizi wakaanza kurejea, alivuka pale Kobero juu ya lori, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, ana mke, ana magongo mawili, na ana nyonga moja iliyokwisha kufa. Kutoka barabarani hadi kwenye kiwanja cha marehemu baba yake, huko mlimani Muyinga, alibebwa na wanaume wa mlima kwenye ingobyi, ile machela ya fito ambayo Warundi huwachukulia wagonjwa wao mabegani. Akafika kwao chali, anatazama mawingu.

Hilo lilimuuma kuliko nyonga yenyewe. Mama yake, bi Dorotea, aliupanda mlima huohuo siku hiyo kwa bakora yake, na alipofika juu akamsimamia mwanawe kitandani akicheka kwa pumzi za kukatika.

"Nilitoka hapa nawe mgongoni," alisema, "na mpaka leo sijakutua."

Alikuwa anatania tu, na kila mtu alicheka isipokuwa Egidius. Yeye aligeukia ukutani. Tangu siku ile alikuwa na haja moja tu duniani, na hakuificha kwa mtu: aupande ule mlima kwa miguu yake, aingie kwa baba yake akiwa wima, mama yake akiwa bado yu hai amwone.

Sasa, Egidius alikuwa fundi mwashi, na mafundi waashi ni watu wa kiburi; yeye alikuwa na kiburi chake na cha jirani. Kazi aliisomea makambini huko Ulyankulu, na huko huko alianguka kutoka kwenye jukwaa akijenga ghala la tumbaku. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaendelea kupanga matofali hadi jioni ili watu wasimcheke. Maumivu yalikuja baadaye, taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka kichwa cha mfupa wa paja kikaoza ndani kwa ndani. Hata hivyo hakuacha mwiko. Aliporudi Muyinga alijenga akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na ukuta ulipompita kichwa aliwapigia kelele vijana waumalizie, na hakuna hata mmoja aliyemridhisha.

Mkewe, Kasilda, ndiye aliyemwagilia maji. Kila sakafu mpya ya Egidius, kila linta juu ya mlango, Kasilda alikuja na kopo lake asubuhi na jioni, akainywesha sima, ile saruji mbichi, polepole kama anavyonyweshwa mtoto mwenye homa, na ole wake mwenye nyumba aliyethubutu kukanyaga kabla fundi hajaruhusu. Aliwahi kumfukuza bwana harusi mbele ya wageni wake kwa sababu alitaka kuingiza kitanda kwenye chumba ambacho sakafu yake ilikuwa bado inakunywa. Sakafu za Egidius hazikupasuka, na sifa hiyo Kasilda alijua kwamba nusu yake ni ya kopo lake.

Ikafika mwaka ambao hata kukaa juu ya ndoo kulimshinda. Serikali ilikuwa imekwisha hamia Gitega, na watu waliokwenda huko kufuatilia mambo yao walirudi na habari kwamba kuna daktari anayetoa nyonga mbovu na kutia nyingine ya chuma. Nazario, jirani yao, aliyekuwa mkubwa wa wachukuzi wa ingobyi pale mlimani, hakungoja kuombwa. Alikusanya watu wake, wakamlaza Egidius, wakashuka naye mbio mbio hadi barabarani, Kasilda nyuma yao, kama wanavyoshuka na mwanamke mwenye uchungu. Bi Dorotea alisimama kwenye ua akiwatazama hadi walipopotea kwenye migomba.

Hospitalini Gitega, Daktari Crispin aliinua picha ya mifupa kwenye mwanga wa dirisha, akaeleza kwa maneno machache. Atakikata kichwa kilichokufa. Atachimba ndani ya mfupa wa paja, aingize mguu wa chuma wenye kichwa kipya cha mviringo, na ataushikiza kwa sima.

Egidius, aliyekuwa akisikiliza kwa adabu ya mgonjwa, aliinuka kwa kiwiko. "Sima?"

"Sima ya mifupa. Ni unga, na maji yake. Tunachanganya palepale."

"Na nani anachanganya?"

Daktari alicheka, akamwambia asiwe na wasiwasi, ana mtu wake anayejua. Halafu akaitwa kwingine. Egidius alibaki akiangalia dari. Unga na maji. Kumbe! Alikuwa amekuja akiogopa mambo makubwa ya kidaktari asiyoyajua, na sasa anaambiwa watamjenga. Alimwambia Kasilda jioni ile, karibu kwa furaha, "Hii ni kazi yetu."

Siku ya upasuaji walimchoma sindano ya mgongo, na kutoka kiunoni kwenda chini akawa si mtu tena. Lakini kichwa kilikuwa macho. Walining'iniza kitambaa mbele yake asione, na kwa kuwa Kiswahili ndicho kilichomtoka vizuri kuliko Kirundi, wakamweka Riziki akae kichwani pake. Riziki alikuwa muuguzi, mtoto wa Waislamu wa mjini hapo Gitega, baba yake fundi cherehani, na Riziki mwenyewe mdomo wake haukuwa na likizo.

"Usiogope, mzee," alisema. "Ile iko msumeno, lakini we hautasikia maumivu. Mi niko hapa."

Ulikuwa msumeno kweli. Baada ya msumeno ikaja tupa, na baada ya tupa nyundo, na hapo ndipo nywele za Egidius zilipomsimama. Aliijua sauti ile. Mtu aliyekuwa nyuma ya kitambaa alipiga, akanyamaza akisikiliza, akapiga tena kidogo zaidi, na mlio ukabadilika kutoka wa kupwaya hadi wa kukaza, sawasawa na mlio wa kabari inapofika mahali pake. Egidius alikuwa amewafundisha vijana wengi kusikiliza mlio huo, na wengi hawakuupata maisha yao yote. Huyu alikuwa nao. Na alikuwa anaupata ndani ya paja lake yeye Egidius, kwenye mfupa aliozaliwa nao! Machozi yalimtoka bila yeye kulia. Miaka yote amejenga nyumba za watu, na leo yeye ndiye nyumba.

Halafu alisikia Daktari Crispin akisema, "Osha." Sauti ya maji. "Sasa kausha." Kimya. "Kausha tena. Bado pana unyevu, kausha."

Egidius alikunja uso. Kausha? Hakuna fundi anayekausha. Tofali unaliloweka kwanza, ukuta unaulowesha, ndipo sima ishike. Tofali kavu linainyonya maji yake na kuiua. Alitaka kusema, lakini ulimi ulikuwa mzito kwa dawa, na tayari harufu ilikuwa imefika, kali, ya kupanda puani, kama gundi ya mshona viatu. Msaidizi mmoja alitokea pembeni ya kitambaa akitazama saa ya ukutani, na kwenye vidole vyake vya glavu alikuwa anaviringisha kidonge cheupe cha sima.

Ndipo chumba kizima kikasimama. Hata Riziki alinyamaza. Ulionekana tu utosi wa kofia ya Daktari Crispin juu ya kitambaa, hautikisiki, kama mtu aliyeshika linta kwa mikono mitupu akingoja nguzo iletwe. Egidius naye alizuia pumzi asije akaharibu. Hakuwahi kuona watu wakiiheshimu sima namna ile, na alijisikia mdogo, mdogo sana, kama siku ile ya kwanza alipokabidhiwa mwiko.

Msaidizi alikigonga kile kidonge kwenye sinia. Kililia ko, ko.

"Imeshika," alisema daktari.

Imeshika! Hata maji ya chai yasingekuwa yamechemka. Egidius aliwaonea huruma. Watu wazuri, mikono ya dhahabu, na hawajui sima.

Kesho yake asubuhi Riziki alikuja na kile kifaa cha chuma cha kuegemea, chenye miguu minne, amekunja mikono ya koti.

"Bon, mzee. Leo tunasimama."

"Hatusimami, mwanangu."

"Kwa nini? Iko maumivu?"

"Maumivu yapo, ninayaweza. Sima haijashika."

Riziki alimtazama Kasilda, Kasilda akatazama chini. "Mzee, ile sima imekwisha kushika jana, palepale kwa meza. Dogiteri amesema usimame. Ukilala hivi, damu itaganda kwa mguu, mapafu itajaa, alors, tutakuzika na hiyo nyonga mpya."

"Mwanangu, mimi nimemwaga sakafu kabla wewe hujazaliwa. Sima changa haibebi mzigo. Nikikanyaga leo, chuma kitacheza, na kikicheza nimekwisha. Niacheni nilale mpaka ikomae."

Alisema kwa upole, lakini shingo alikuwa ameikaza. Alikuwa anaogopa, na hofu yake haikuwa ya kijinga kwa mtu anayejua alichokijua. Kile chuma ndicho kilichokuwa mlima wake. Alikuwa nacho kimoja tu, na hakuwa tayari kukivunja kwa haraka za vijana. Siku iliyofuata Riziki alirudi, akabembeleza, akafoka, akamwapia kwa Mungu wake na wa Egidius, na jibu likawa lilelile. Daktari Crispin alikuwa ameshikwa na majeruhi wa ajali ya barabarani na hakutoka chumba cha upasuaji.

Mchana huo Egidius alimwita mkewe karibu. Paja lilikuwa limevimba na lilikuwa la moto, na moto huo ndio uliomtisha: sima inapochemka, inaomba maji.

"Nilisikia kwa masikio yangu wakiikausha," alinong'ona. "Tangu juzi hakuna aliyeimwagilia. Itapasuka, Kasilda."

Kasilda alikuwa analala mtaa wa Yoba kwa shangazi yake, na kila siku alileta hospitalini kidumu cha maji ya kunywa. Hakuuliza maswali. Alikuwa ameifanya kazi hii tangu alipoolewa. Alichukua kikombe, akafunua shuka, akamwaga juu ya bandeji kidogo kidogo, kwa mkono uleule mwepesi, hadi kitambaa chote kikanywa na kikalegea. Jioni akarudia. Egidius alilala akiwa na amani kwa mara ya kwanza tangu sindano ya mgongo.

Riziki alipofunua shuka asubuhi, hakupiga kelele. Hilo ndilo lililowaogopesha. Aligusa bandeji, akatazama kidumu, akatazama kikombe, akaweka mkono kifuani.

"Mama," alimwambia Kasilda polepole, "we umefanya nini?"

Daktari Crispin alikuja akiwa bado amevaa mabuti ya upasuaji. Alifungua bandeji mwenyewe, akasafisha, akaminya pembeni mwa mshono, akanusa, akafunga upya kwa kitambaa kikavu. Alipomaliza aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mzee Egidius, maji hayo hayajafika kwenye sima. Hayawezi. Lakini kwenye kidonda yamefika. Kama yameingiza wadudu, nitafungua tena, nitang'oa chuma, nitang'oa sima yote, na hapatakuwa na mfupa wa kutosha wa kutia kingine. Unanielewa?"

Egidius alielewa. Kasilda alianza kulia, mkono mdomoni, akisema ni yeye, ni yeye aliyemwaga, na mumewe akasema, "Hapana, mkono ulikuwa wake lakini kichwa kilikuwa changu."

Daktari hakumkaripia mtu. Aliingiza mkono mfukoni akatoa kitu kidogo, akakiweka kwenye kiganja cha fundi. "Hiki kilibaki. Ni sima yako. Ni ileile iliyomo ndani, ilichanganywa bakuli moja."

Kilikuwa cheupe kama jino, na alama ya kidole cha gumba ya msaidizi ilikuwa bado juu yake, imeganda milele. Egidius alikipima uzito. Alikikwaruza kwa ukucha, ukucha ukaacha unga wa ukucha. Alikigonga kwenye chuma cha kitanda, kikalia ko. Alikiuma. Halafu akafanya kile ambacho kila fundi wa Ulyankulu hufanya kabla ya kununua matofali: alikitia ulimini.

"Subhanallah!" alisema Riziki. "Dogiteri, anaikula!"

Hakuwa anakila. Tofali linalokunywa maji huunasa ulimi, unausikia ukivutwa. Egidius alikibonyeza ulimini, akangoja. Kiliteleza. Alikijaribu upande wa pili. Kiliteleza. Alimwomba Kasilda kikombe, akakizamisha majini kidonge chake, na wagonjwa wote watano wa vitanda vya jirani wakanyanyua shingo kutazama kikombe cha maji ambamo hakuna lolote lililokuwa likitokea. Hakuna hata povu moja. Alipokitoa na kukipangusa kwenye shuka kilikuwa kikavu kama hakikuwahi kuyaona maji.

"Hainywi," alisema.

"Hainywi," alisema daktari. "Haitaki maji, haitaki siku. Ilikuwa imekomaa kabla sijavua glavu."

Egidius alikigeuza kile kidonge kiganjani. Alikuwa ameishi akidhani anajua kila ambalo unga na maji vinaweza kufanya vikikutana. Na kumbe mahali fulani mtu amekaa, akafikiri, akatengeneza sima ya kuweka ndani ya binadamu, inayokomaa wakati watu wamezuia pumzi, na sima hiyo ikasafiri ikaja kumkuta yeye, mtoto wa mlimani Muyinga, kwenye kitanda cha Gitega. Aliona haya. Lakini ile haya ilimezwa na kitu kikubwa zaidi, kitu ambacho alikuwa amekisikia mara chache tu kanisani na mara moja alipomwona mwanawe wa kwanza.

"Nileteeni hicho chuma cha miguu minne," alisema.

Riziki upande mmoja, Kasilda upande mwingine. Mguu wa kulia uligusa sakafu. Egidius aliutazama usoni, kama mtu anayemtazama mgeni, akaubebesha mzigo kidogo, akaongeza, akaongeza tena. Ile sauti ya kusagika ya mfupa juu ya mfupa, aliyoizoea miaka nenda miaka rudi, haikuja. Hakukuja kitu. Alisimama juu ya kimya.

Homa waliingoja wote. Kila asubuhi Riziki alifungua bandeji akiwa amebana midomo, na kila asubuhi Kasilda alitoka nje asione. Kidonda kilikauka. Kilikauka vizuri, na siku nyuzi zilipotolewa Riziki alimkumbatia Kasilda na kumwambia kwamba akimwona tena na kidumu karibu na kidonda, atamtia yeye sindano ya mgongo. Walikaa Yoba kwa shangazi hadi Egidius akaweza kutembea kwa gongo moja, na Daktari Crispin akamruhusu kwa masharti: asichuchumae, asiiname, asikimbie.

Gari liliwashusha barabarani chini ya mlima wao, na pale walikuwepo Nazario na watu wake, na ingobyi.

"Lala, tukupandishe," alisema Nazario.

"Leo hapana."

Nazario alimtazama juu hadi chini. Watu walikuwa wameacha mashamba. Lakini alipomwona Egidius akipiga hatua na hatua nyingine, alivua kofia, akawaambia wenzake wainue ingobyi hivyo hivyo, tupu. Walijaribu kwenda naye pole pole, wakashindwa. Mabega yaliyozoea kukimbia na mgonjwa hayajui kutembea. Na Egidius mwenyewe hakutaka kutazamwa. Aliwaambia watangulie.

Alipanda na Kasilda nyuma yake. Alikanyaga kama anayepita kwenye sakafu mbichi, maana akili ilikuwa imeamini lakini unyayo bado. Alisimama, akapumua, akaendelea. Alikuwa amefika kwenye migomba ya Nazario aliposikia kilio kutoka juu.

Kilikuwa kilio cha msiba, sauti za wanawake wengi, na kilitoka kwao. Mama! Amengoja siku zote hizi, amekufa leo.

Nazario aliteremka mbio, mikono kichwani. "Harakisha! Wameona ingobyi inarudi tupu! Mama yako amekaa chini, hataki kunisikia, anasema namdanganya!"

Pale mlimani ingobyi iliyokwenda kumpokea mgonjwa ikirudi nyepesi, watu hawaulizi. Sababu ni moja: mgonjwa amefia hospitalini. Egidius alimpa Kasilda lile gongo, akaanza kutembea, na safari hii hakufikiria mguu wa kulia wala wa kushoto. Hakukimbia, alikuwa ameahidi. Lakini alitembea kama mtu anayekwenda kwa mama yake, njia nzima, kati ya mihogo, mpaka uani, na wanawake waliokuwa wakilia walinyamaza mmoja baada ya mwingine wakamfungulia njia.

Bi Dorotea alikuwa amekaa kwenye udongo, miguu imenyooka, macho yamefumba. Egidius alisimama mbele yake.

"Mama."

Alifumbua macho. Aliona viatu kwanza. Alipandisha macho polepole, suruali, shati, hadi usoni, juu kule ambako hakuwa amemtazama mwanawe tangu waliporudi.

"Siruhusiwi kuinama, mama," alisema Egidius. "Inuka wewe."

Aliinuka kwa bakora yake. Alimpapasa nyonga kwa mikono yote miwili, akabonyeza, akamtikisa kidogo, na hakutikisika. Kisha akafungua fundo la kitenge alichojitanda begani, akakishusha, akakikung'uta mara moja, akakikunja vizuri kama afanyavyo mwanamke aliyekwisha kumweka mtoto chini.

"Haya," alisema. "Sasa nimekutua."